Simu za ofisi na VM kwenye seva moja: fanya hivi sauti isikatekate

Seva yetu iko Area C, kwenye kachumba kalikokuwa stoo ya makaratasi, feni moja na dirisha dogo ambalo ukilifungua tu vumbi lote la Dodoma linahamia ndani. Ni mashine moja ya mtumba, prosesa ina kori 8, RAM 32GB, SSD mbili, juu yake Proxmox, programu ya kugawa mashine moja iwe kama kompyuta kadhaa. Ndani kuna VM nne, yani kompyuta za kufikirika zinazogawana mashine hiyo moja: Windows ya mhasibu, ya mafaili, ya kamera, na ya simu ambayo ni FreePBX, mfumo wa kuendesha simu za ofisi, chini yake Asterisk, ile programu aliyoianzisha Mark Spencer mwaka 1999. Watu tuko 14, simu za mezani 11. Ukiangalia kwa macho hiyo ya simu haili kitu, prosesa inacheza asilimia mbili tatu, na hapo ndo nilipodanganyika.

Ikawa kila siku saa nne asubuhi dada wa mapokezi ananiita, "Kaka njoo usikie, huyu mteja anaongea kama yuko ndani ya pipa." Naenda, kweli, maneno yanakuja nusu nusu. Nikalaumu intaneti, nikampigia fundi wa laini akasema kwake kupo safi, nikabadilisha waya, nikabadilisha swichi, wiki nzima ikaenda. Mpaka siku moja nimeacha top, amri inayoonyesha prosesa inavyotumika, wazi ndani ya VM ya simu nikaona ile namba ya mwisho kwenye mstari wa prosesa, inaandikwa st, siku zote iko 0, imepanda mpaka 18. Hiyo st ni muda ambao VM iko tayari kufanya kazi ila prosesa kapewa mwingine. Mwingine huyo ni bekapu, tena niliipanga mwenyewe, nilitaka saa kumi usiku wakati ofisi imelala nikaandika 10:00. Kompyuta haijui saa za Kiswahili bana, 10:00 kwake ni saa nne asubuhi, watu wote wako kwenye simu.

Sasa kwa nini mhasibu hakulalamika na simu zikalalamika? Sauti inakatwa vipande vya milisekunde 20, yani pakiti 50 kila sekunde, na kila upande unatuma zake. Faili likichelewa nusu sekunde hakuna anayejua, neno likichelewa nusu sekunde limeshapotea, simu haiwezi kukaa kulisubiri. Kwahiyo VM ya simu haihitaji vitu vingi, inahitaji vidogo kwa wakati, na kazi yako wewe ni kuwafanya wengine wasubiri.

Anza na hesabu ya kori. Mi nilikuwa nimegawa 10 wakati ninazo 8, na Proxmox wala haikugombezi. Nikampunguzia mhasibu kutoka 4 kwenda 2, ikabaki jumla 8, simu ina 2 zake. Alafu kwenye mipangilio ya prosesa kuna uzito, kwa Proxmox za sikuizi kawaida ni 100 kwa kila VM, ya simu nimeipa 400, hii haina faida mashine ikiwa imetulia ila wakigombania simu ndo inatangulia. RAM ipe 4GB kamili na uzime ballooning, ile ya seva kuchukua RAM ya VM inapoihitaji, hutaki seva ianze kuinyang'anya katikati ya maongezi. Kadi ya netiweki chagua VirtIO, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya VM. Bekapu iwekee kikomo cha spidi na uiandike 04:00, sio 10:00 kama mimi. Na ile snapshot (picha ya hali ya VM ya kurudia baadaye) inayochukua na RAM usiipige mchana, VM inasimama kidogo na aliyekuwa anaongea atasema haloo haloo mpaka akate.

Kama una laini za simu za zamani za waya wa shaba usihangaike kununua kadi ya kuchomeka ndani ya seva, kuipitisha kadi mpaka kwenye VM ni kazi ya kukuzeesha. Tafuta kiboksi cha FXO, kile kinachounganisha laini hizo na mfumo wako, kinachokaa kwenye netiweki, umemaliza.

Netiweki yenyewe: kodeki ya G.711, yani namna ya kugeuza sauti kuwa data, inakula kama kbps 87 kwa kila simu kila upande, simu sita kwa pamoja ni kama nusu megabiti tu, kwahiyo ukiona shida usikimbilie kununua bando kubwa. Angalia nani anapandisha video wakati huo. Simu ziweke kwenye VLAN yake, yani netiweki iliyotengwa ndani ya netiweki, na rauta izipe kipaumbele. Mkisikika upande mmoja tu, wewe unamsikia yeye hakusikii, mara nyingi ni NAT, yani rauta inavyobadilisha anwani za ndani kuwa ya nje: ingiza anwani yenu ya nje na ya ndani kwenye mipangilio ya SIP (lugha ambayo simu zinatumia kuitana kwenye netiweki), zima SIP ALG, kipengele cha rauta kinachochezea pakiti za SIP, na milango ya sauti UDP 10000 mpaka 20000 iruhusu kutoka kwa mtoa huduma wako tu. Mlango 5060, ule wa SIP, usiuache wazi kwa dunia nzima. Usiku kuna maroboti yanajaribu ekstensheni (namba za simu za ndani) 100, 101, 102 na paswedi hizo hizo, yakiingia yanapiga nje ya nchi na bili ni yako. Paswedi ndefu, fail2ban inayofungia wanaokosea paswedi mara nyingi, na simu za kimataifa funga kwa wasiozihitaji.

Kuna kitu sijaona watu wakikisema. Usianzishe ekstensheni zako kwenye 100. Mi nilianza hivyo, siku napitia orodha nikakuta kijana wa stoo ndo 114. Sasa ofisi iwake moto, mtu apige 114 akitafuta Zimamoto, inaita stoo! Na 112, namba ya dharura, ilikuwa ya bosi. Nikahamisha wote kwenye 200 siku hiyo hiyo, wakaninunia kidogo kwa sababu walishazoea namba zao.

Umeme sasa. UPS ishike seva, swichi ya PoE (inayopeleka umeme kwenye simu kwa waya wa netiweki) na rauta vyote vitatu, nimeona ofisi seva inawaka vizuri kabisa na simu zote zimezima kisa swichi ilichomekwa ukutani. Umeme ukirudi baada ya kukatika, panga mpangilio wa kuwaka: simu iwe ya kwanza, ipe sekunde 60 peke yake, ndo Windows ifuate na kamera mwisho. Na kila mwezi pulizia vumbi kwa bloa, feni za huku zinajaa haraka, prosesa ikipata joto inapunguza spidi na utarudi kule kule kwenye pipa.

Kupima ni rahisi. Piga *43 kwenye simu ya mezani, inakurudishia sauti yako mwenyewe, alafu washa bekapu kwa mkono huku unahesabu kwa sauti moja mpaka ishirini. Nilipofanya mara ya kwanza kumi na tatu haikurudi, nikashusha spidi ya bekapu nusu, nikahesabu tena, zikarudi zote.