Namna ya Kujiunga na Kundi la Utafiti wa Ikolojia ya Mimea kwa Shahada ya Uzamili au Uzamivu

Katika vyuo vikuu vingi, anayetaka kusoma shahada ya utafiti katika ikolojia ya mimea humtafuta msimamizi kwanza, fomu ya maombi baadaye, kwa kuwa alama nzuri hazitoshi iwapo mtafiti husika hana mradi, fedha wala muda wa kumlea mwanafunzi mpya.

Soma makala za hivi karibuni za kundi la utafiti unalotaka kujiunga nalo, na usiiruke sehemu ya mbinu, kwani humo ndimo kazi ya kila siku inamoonekana. Katika eneo la hekta 50 kwenye kisiwa cha Barro Colorado nchini Panama, kwa mfano, sensa zilizoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 huhesabu kila mti ambao shina lake lina kipenyo cha angalau sentimita 1, kikipimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Hiyo ni kazi ya subira na ya jasho. Makundi mengine hushinda maabara yakipima majani, au kwenye kompyuta yakichambua takwimu.

Kisha mwandikie msimamizi barua pepe fupi. Kusema kwamba unapenda mazingira hakumwambii lolote, afadhali uandike hivi: “Makala yenu inaonyesha kwamba miche iliyo karibu na mti mama hufa zaidi. Je, hali huwa hiyo hiyo katika mwaka wa ukame?” Swali la namna hiyo, hata likiwa na kasoro, linaonyesha kwamba umesoma na kufikiri. Ambatisha wasifu wako, na usipojibiwa baada ya wiki mbili, kumbusha mara moja kwa adabu.

Ukiitwa kwa mazungumzo, uliza waziwazi nani atalipa karo, posho na gharama za uwandani, na ni nani atakayeimiliki data utakayokusanya. Omba pia kuzungumza na wanafunzi waliopo, msimamizi akiwa hayupo. Kwa maoni yangu hatua hii ndiyo muhimu kuliko zote, maana wao ndio wanaojua rasimu husomwa baada ya muda gani, majina ya waandishi hupangwaje kwenye makala, na mtu akiugua porini husaidiwa vipi.

Wakati ukisubiri majibu, jifunze R, programu ya kompyuta ya kuchambulia takwimu, na ujizoeze kuzitambua familia za mimea kwa maua na majani yake.