Jinsi ya Kuungana na Mpinzani Kwenye Shindano la Ubunifu

Katika mashindano ya data, yaani ya kukadiria matokeo kwa kompyuta kutoka kwenye data mnayopewa, mtu ninayemtafuta kwanza ni yule anayenifukuzia kwenye jedwali la matokeo. Huyo ndiye anayeweza kunivusha, ili mradi makosa yake si makosa yangu. Ninavyofanya ni hivi.

Hatua ya 1: Soma kanuni kabla hujamsalimu mtu. Kwenye Kaggle, tovuti ya mashindano ya data, kupeana msimbo wa kompyuta chinichini na mtu asiye wa timu yako ni marufuku. Ukiuweka hadharani kwa washiriki wote, ruksa. Timu zikiungana, jumla ya majibu mliyokwisha kutuma haitakiwi kuzidi idadi ambayo timu moja ingeruhusiwa kufikia siku hiyo. Kwa hiyo usimalize nafasi zako za kutuma kila siku, utakosa wa kuungana naye.

Hatua ya 2: Toa kitu mapema. Oktoba 2006 Netflix, kampuni ya filamu, ilitangaza zawadi ya dola 1,000,000 kwa atakayeboresha kwa asilimia 10 makadirio yake ya nyota ambazo mtazamaji ataipa filamu. Desemba hiyohiyo mshiriki aliyejiita Simon Funk akaeleza wazi jinsi ya kuvunja jedwali kubwa la nyota za watazamaji kuwa majedwali mawili madogo. Wapinzani wake wakaijengea juu mbinu hiyo. Mtu akishaona unavyofikiri, hukufuata mwenyewe.

Hatua ya 3: Tafuta anayekosea tofauti na wewe. Hapa ndipo penye kazi, usipaharakishe. Chukua filamu iliyopewa nyota 4. Wewe umekadiria 4.4, mwenzako 3.6. Kila mmoja amekosea kwa 0.4, lakini wastani wenu ni 4 kamili. Angekuwa naye amesema 4.4, kuungana kusingewasaidia chochote. Basi usimuulize alama zake, muulize njia aliyopitia. Aliye chini yako kidogo lakini amepita njia nyingine kabisa, kwangu ana thamani kuliko pacha wako aliye juu.

Hatua ya 4: Andikeni mgao wa zawadi kabla ya kupeana mafaili. Mimi niliwahi kuuahirisha, na timu ikavunjika tukiwa tunapanda. Mfano mzuri ni timu ya chuo kikuu cha MIT kwenye shindano la 2009 la DARPA, wakala wa utafiti wa jeshi la Marekani, la kutafuta maputo 10 mekundu nchini Marekani. Walitangaza mapema: anayeliona puto dola 2,000, aliyemwalika 1,000, aliyemwalika huyo 500, na kuendelea hivyo kwa nusu. Maputo yote yalipatikana ndani ya saa 9.

Hatua ya 5: Wekeni saa yenu wenyewe. Mwaka 2009, kwenye shindano lile la Netflix, BellKor's Pragmatic Chaos, muungano wa timu tatu, na The Ensemble, muungano mkubwa zaidi, walilingana kwenye data iliyofichwa na waandaaji: kiwango cha makosa 0.8567 kwa 0.8567. Zawadi ilikwenda kwa BellKor kwa sababu jibu lao lilitangulia kwa dakika 20 hivi. Mteue mmoja wa kutuma na mwingine wa kukagua faili, na mtume jibu la akiba siku moja kabla, hata kama mnaona bado linaweza kuboreshwa.