Aspirini ya dozi ndogo kwa mjamzito: namna ya kuianza na kuimeza

"Nilikuwa nangoja tumbo lionekane, nesi." Hayo nayasikia kliniki kila wiki, na mara nyingi mimba imeshafika miezi mitano au sita. Kwa mama aliye kwenye hatari ya kifafa cha mimba, miezi hiyo ya kungoja ndiyo iliyokuwa ya kuanza dawa. Mishipa inayolisha kondo la nyuma hujijenga mapema, na aspirini kidogo husaidia damu isigandegande humo. Ndiyo maana huanzwa kwenye wiki ya 12, vizuri zaidi kabla ya wiki ya 16.

Hatua ya 1: Jipime kama inakuhusu. Si kila mjamzito anaihitaji. Anayeihitaji hasa ni aliyewahi kupata presha ya mimba au kifafa cha mimba, mwenye presha ya siku zote, kisukari, ugonjwa wa figo au lupasi (kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe), na aliyebeba pacha. Mimba ya kwanza, umri wa miaka 35 na kuendelea, unene uliozidi, au mama yako mzazi au dada yako kuwahi kupata tatizo hili: mambo haya yakikutana mawili, mwambie mhudumu.

Hatua ya 2: Nenda kliniki mara tu siku zako zinapopita. Useme yote, hata yale ya mimba iliyoharibika. Taja pia vidonda vya tumbo, pumu, mzio wa aspirini au ugonjwa wa kutokwa damu, maana hapo huenda usipewe kabisa.

Hatua ya 3: Hakikisha kidonge. Hapa ndipo watu wanapokosea. Duka la dawa lina aspirini ya mg 300, ya maumivu, na ile ndogo ya mg 75 tunayoiita junia. Shirika la Afya Duniani linataja mg 75 kwa siku. Uingereza huandika mg 75 hadi 150, na Marekani mg 81 kwa kuwa ndicho kidonge kidogo kinachouzwa kwao. Kwa hiyo usishtuke namba zikitofautiana. Fuata uliyoandikiwa, na usijikatie kidonge cha mg 300 jikoni kwa kisu.

Hatua ya 4: Meza kimoja kila usiku, baada ya chakula. Ukisahau, subiri kesho. Usimeze viwili.

Hatua ya 5: Usichanganye na brufeni wala diklofenaki. Kwa maumivu madogo panadol inatosha. Lakini kichwa kikiuma sana baada ya wiki ya 20, ukaona maluweluwe, uso ukavimba ghafla au chembe ya moyo ikauma, usikitulize kwa panadol: nenda ukapimwe presha na mkojo siku hiyohiyo. Aspirini hupunguza hatari, haiiondoi. Presha ya 140/90 ni presha hata kwa anayemeza kila siku.

Ukitokwa damu ukeni au ukapata choo cheusi, wahi kituoni nako ueleze dawa unayotumia.

Hatua ya 6: Kuacha. Wengine huambiwa waache wiki ya 36, wengine wameze hadi kujifungua. Muulize daktari wako mapema, na jibu liandikwe kwenye kadi, ili mkunga wa zamu atakayekupokea usiku wa uchungu alione bila kukuuliza.