Kuoanisha almasi za pete ya mawe matano

Kwenye pete ya mawe matano, jiwe moja likizidi wenzake au likipungukiwa ndilo jicho hukimbilia kwanza. Kazi yote ya kuoanisha hufanyika kabla sonara hajagusa pete, mawe yakiwa bado huru. Yakishabanwa na kucha za pete, yaani vijino vya chuma vinavyolishika jiwe, kusahihisha maana yake ni kung'oa, na kila kung'oa ni nafasi ya kuvunja ukingo.

Anza na milimita, kareti baadaye. Kareti ni uzito tu: gramu 0.2, iliyogawanywa pointi 100. Mawe mawili ya pointi 25 yanaweza kupishana kipenyo waziwazi, kwa kuwa moja limeficha uzito wake tumboni, yaani sehemu yake ya chini, au kwenye mshipi mnene, yaani ule ukingo unaolizunguka jiwe katikati. Almasi ya duara iliyokatwa vizuri ikiwa na pointi 25 hufika karibu mm 4.1, ya pointi 50, karibu mm 5.1, ya kareti 1, karibu mm 6.5.

Kisha pima safu nzima dhidi ya kidole. Mawe matano ya mm 4.0, pamoja na nafasi ya mm 0.1 kati ya jiwe na jiwe, yanachukua mm 20.4. Pete yenye kipenyo cha ndani cha mm 17 haiwezi kuyaweka yote juu. Yale ya pembeni yatainamia ubavuni, yaonekane madogo na hafifu hata kama ni mapacha wa yale ya kati. Kwa kidole chembamba ni bora safu inayopungua: mm 4.0 katikati, 3.6 kila upande, kisha 3.2 mwishoni. Hiyo inakuwa mm 18.0 pamoja na nafasi. Usikubali nafasi hizo ziondolewe ili mawe yabanane. Almasi hukwaruza almasi, na mishipi inayogusana humeguka taratibu kila mvaaji anapogonga mkono.

Omba kwa muuzaji mawe 8 hadi 10 ili upate 5. Yasafishe kwanza kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, halafu yashike kwa kibano tu. Almasi hunasa mafuta kiasi kwamba migodini imetumika meza iliyopakwa grisi kuitenganisha na mawe mengine, kwa hiyo alama moja ya kidole inatosha kulifanya jiwe zuri lionekane limefifia.

Pima kila jiwe mara nne kwa kalipa (kipimio cha milimita chenye taya mbili), ukilizungusha kidogo kila mara, uandike kipimo kidogo na kikubwa. Hakuna duara kamili. Kwa mawe ya ukubwa huu, jozi isipishane zaidi ya mm 0.05, ikifika 0.1, jicho zuri linaanza kusita.

Sasa rangi, na hapa ndipo wengi huponzwa na cheti. Daraja za rangi za GIA, taasisi ya Marekani ya vito, huanza D isiyo na rangi hadi Z yenye unjano, na kila daraja ni upana, si nukta. G moja inaweza kuwa inapakana na F na nyingine ikapakana na H. Ndiyo maana G na H zilizochaguliwa kwa macho zinaweza kufanana kuliko G mbili zilizochaguliwa kwa karatasi. Kunja kadi nyeupe isiyong'aa iwe mfereji, laza mawe humo uso bapa wa juu ukiwa umeelekea chini, uyatazame kwa ubavu. Tumia kivuli chenye mwanga wa kutosha au taa ya mwanga wa mchana. Kaa mbali na jua la moja kwa moja: miali yake huamsha ubuluu kwenye baadhi ya almasi na kuficha unjano. Ukiona jiwe la kushoto lina rangi zaidi, libadilishe nafasi na la kulia kabla ya kuamini. Jicho lina upande wake, na mara nyingi jiwe lilelile huonekana limekolea likiwa upande mmoja tu.

Pitisha taa ya miali ya UV gizani. Jiwe linalowaka buluu kali katikati ya yasiyowaka litajitenga juani na kwenye kumbi za muziki. Ama yote yawake kwa kiasi kimoja, ama yote yasiwake.

Baada ya hapo yapange kwa safu juu ya plastisini, nyuso juu, uyatazame kwa urefu wa mkono huku ukiyatikisa. Uso bapa wa juu usipishane zaidi ya asilimia 2 ya kipenyo. Jiwe lenye tumbo fupi mno huonyesha duara la kijivu ndani. Lenye tumbo refu mno huwa na giza katikati. Mawe hayo yaondoe hata kama vipimo vingine vinakubali. Usafi ndio wa mwisho. Daraja za usafi VS (dosari kidogo sana) na SI (dosari kidogo) zinaweza kukaa pamoja bila shida mradi hakuna doa linaloonekana kwa macho matupu, na kulipia VVS, daraja lililo juu ya hizo, kwa mawe madogo kama haya ni kupoteza pesa. Hofia tu ufa unaofika ukingoni: ukibanwa na kucha, jiwe linaweza kupasuka.

Mawe manne yakifanana na moja likazidi kidogo kwa ukubwa au mng'aro, lipeleke katikati. Huko litaonekana limekusudiwa. Pembeni litaonekana kosa.

Ikiwa unajaza pengo kwenye pete ya kale, tafuta jiwe la mkato wa kale, lenye uso mdogo wa juu na ncha ya chini iliyokatwa bapa. Almasi ya kisasa humeta kwa vipande vidogo vidogo na kujitenga na wenzake. Na kwa kuwa almasi za maabara huonekana sawa na za ardhini, kila jiwe likapimwe peke yake kwa kifaa cha kuzitofautisha. Kupima moja na kuamini mengine ndiko kunakoingiza mchanganyiko.

Mpe sonara mawe kwenye karatasi tano zenye namba 1 hadi 5 kutoka kushoto, kila moja na uzito na kipimo chake. Pete ikirudi, ikague kwa lenzi ya mara 10, jiwe kwa jiwe, ukifuata orodha hiyo kabla ya kumalizia malipo.