Jinsi ya kuuza Subaru WRX iliyoguswaguswa (iliyofanyiwa mabadiliko) na kuhamisha umiliki Kenya

Kabla ya kupiga picha hata moja, fungua boneti ukiwa na logibuku (cheti cha usajili wa gari) mkononi. Soma namba ya chesisi, uilinganishe na ya kwenye logibuku. Sedani za WRX zilizotoka Japani kati ya 2000 na 2007 huanza na GDA, na STI (toleo lake lenye nguvu zaidi) huanza na GDB. Mnunuzi anayejua Subaru ataangalia hapo kwanza, kwa hiyo ile nembo ya STI ya rangi ya waridi uliyobandika kwenye grili haitakuongezea hata senti.

Kisha soma namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku, upande wa giaboksi, uilinganishe vilevile. Hapa ndipo mauzo mengi hukwama. Bomba la moshi lililopanuliwa, springi fupi, rimu kubwa au ile vali inayopiga "psshh" ukiachia mafuta, logibuku haina habari navyo. Mweleze mnunuzi tu, na parti za asili umpe zikiwa kwenye buti. Lakini kama uliwahi kubadilisha injini au rangi, omba kwanza mabadiliko ya taarifa za gari NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani), ulipe, upeleke gari likakaguliwe (Nairobi ni kituo cha Likoni Road), usubiri logibuku mpya. Usimwambie mnunuzi "utarekebisha mwenyewe." Akiwa na akili timamu ataondoka, au atakukata bei hadi ujute.

Gari likiwa na mkopo wa benki au sacco, jina lao limo kwenye logibuku. Maliza deni na wakuondolee jina lao, ndipo utangaze.

Mkishakubaliana bei, andikeni mkataba mbele ya wakili: majina, vitambulisho, PIN za KRA (namba za mlipakodi), namba za chesisi na injini, bei, na kila kitu kisicho cha kiwandani. Andikeni pia siku na saa ya kukabidhi gari. Hiyo saa ina kazi, maana kamera za barabarani hazijui nani alikuwa kwenye usukani.

Malipo yafanyikie benki. M-Pesa haipitishi zaidi ya shilingi 250,000 kwa mara moja, na tangu 2009 hundi ya zaidi ya milioni 1 haikubaliki, hivyo gari la bei inayozidi hapo hulipiwa kwa RTGS (kuhamisha pesa moja kwa moja kutoka benki hadi benki). Usiamini picha ya skrini. Subiri pesa ionekane kwenye akaunti yako.

Ikishaingia, ingia eCitizen (tovuti ya huduma za serikali), fungua huduma za NTSA, chagua gari, anzisha uhamishaji wa umiliki na uweke taarifa za mnunuzi. Naye ataingia kwa akaunti yake, akubali na kulipa ada, ambayo hupangwa kwa ujazo wa injini. WRX hii ina cc 1994. Fanyeni hivyo mkiwa mmekaa pamoja, kila mtu na simu yake. Sheria ya Trafiki inakupa siku 7 kumjulisha msajili wa magari, na mwenye jina kwenye usajili ndiye huhesabiwa mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo. Likigonga mtu kesho kutwa, polisi watakuja kwako. Kwa hiyo usikubali ahadi ya "nitahamisha mwisho wa mwezi."

Siku hiyohiyo pigia kampuni ya bima usitishe sera yako, uulize kama kuna pesa ya kurudishiwa kwa miezi iliyobaki.