Kuyeyusha kloramfenikoli: anza na ethanoli, siyo maji

Ukitaka kuotesha fangasi kwenye agari ya Sabouraud (rojo la kuoteshea fangasi) bila bakteria kuwahi nafasi, unahitaji kloramfenikoli. Dawa hii, iliyopatikana mwaka 1947 kutoka kwa bakteria Streptomyces venezuelae, ina pete ya benzeni iliyobeba kundi la nitro, na maji inayakubali kwa shida: kwenye nyuzi 25, mililita moja huyeyusha miligramu 2.5 hivi. Wanafunzi wanaofika maabara kwetu wakiona unga umetuama chini hukimbilia kuuchemsha. Hakuna haja: ethanoli huuyeyusha bila moto.

Zima moto wa Bunsen kwanza, maana ethanoli inawaka upesi. Zima feni pia, vaa glavu na barakoa, ndipo upime gramu 0.34. Hapa huwa simwonei mtu haya: kwa nadra dawa hii huufanya uboho ushindwe kutengeneza damu, kwa hiyo vumbi lake lisikufikie puani.

Tia unga kwenye flaski ya ujazo ya mililita 10, mimina ethanoli kavu mililita 8 hivi, funga, zungusha taratibu. Iinue kwenye mwanga. Utaona michirizi ikipanda na kujikunja kama joto linavyocheza juu ya lami mchana. Hiyo ni dawa inayoyeyuka. Michirizi ikiisha na chini kusiwe na chembe, jazia ethanoli hadi kwenye mstari uliochorwa shingoni mwa flaski. Usijaze hadi mstari kabla ya kutia unga, kwani ujazo utapita na nguvu ya dawa itapungua.

Methanoli na asetoni nazo huiyeyusha vizuri, lakini methanoli ni sumu, na asetoni hula sahani za plastiki za kuoteshea. Heksani, kiyeyushi chenye tabia ya mafuta, usihangaike nayo: molekuli hii ina vikundi vya hidroksili na amidi, haipatani na mafuta matupu.

Sasa una miligramu 34 kwa kila mililita. Kwa lita moja ya agari tia mililita 1.5, upate kama miligramu 50. Haitarudi kuwa unga, kwa sababu kiasi hicho kiko chini sana ya kile ambacho maji yanaweza kubeba.

Chupa ifungwe barabara, mbali na mwanga, kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri; ethanoli ikivuka hewani, dawa inayobaki huwa kali kuliko lebo isemavyo. Na sahani ya kulinganishia itiwe ethanoli tupu ya kiasi kilekile, ujue kilichozuia bakteria ni dawa.