Reflekta za baiskeli: ipi ununue, uifunge wapi

Lori linalotoka Makambako kwenda Uyole kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 hivi kila sekunde. Dereva akikuona ukiwa mita 40 mbele, hana hata sekunde mbili za kukukwepa. Reflekta nzuri humwonyesha mapema zaidi, ila ikumbukwe kwamba yenyewe haina mwanga. Inachofanya ni kurudisha mwanga wa taa kule kule ulikotoka.

Kwa hiyo dukani nenda na tochi, hata ya simu. Ishike karibu kabisa na jicho, rudi nyuma hatua kumi, mulika. Reflekta ya kweli itawaka kama ina balbu ndani. Sasa nyoosha mkono, tochi iwe mbali na uso, endelea kuimulika. Ya kweli itafifia, kwa sababu mwanga unairudia tochi na jicho limebaki pembeni. Kile kiplastiki kilichochorwa vimistari tu, ambacho ndicho kimejaa kwenye meza za sokoni, kitabaki vile vile, kinameremeta kidogo huku na huku. Hilo ni pambo. Alama za viwango, yaani E ndani ya duara, au maandishi BS 6102/2 au ISO 6742-2, ni dalili njema, lakini tochi ndiyo iamue.

Halafu igeuze uangalie mgongo. Nyuma ya plastiki ile kuna vipembe vidogo vilivyopangwa kama sega la asali, na vinafanya kazi kwa sababu nyuma yake kuna hewa. Maji yakiingia, sehemu iliyolowa inazimika. Chagua yenye kifuniko kilichozibwa pande zote, na iliyopasuka usiisamehe. Mvua za Rungwe zitaimaliza wiki ya kwanza. Usiitoboe tundu la bolti, wala usipake gundi upande wa vipembe. Ndiyo maana nyingi "zinakufa" mikononi mwa fundi kabla hazijaingia barabarani.

Rangi: nyeupe mbele, nyekundu nyuma, ya chungwa kwenye pedeli. Usizibadilishe, maana dereva akiona nyekundu mbele yake anajua anakufuata, sio kwamba mnakutana. Nyekundu hurudisha takriban robo tu ya mwanga unaorudishwa na nyeupe ya aina ile ile, basi ya nyuma iwe ndiyo kubwa kuliko zote. Za pedeli msizing'oe. Kile kipanda-shuka chake kinamwambia dereva papo hapo kuwa mbele kuna mtu anaendesha baiskeli, siyo kigingi cha barabara. Za kwenye spoku huonekana ubavuni tu, unapokatiza barabara. Anayekuja nyuma yako hazimsaidii kitu.

Ya nyuma ifunge kwenye madigadi au chini ya keria, sentimita 40 hadi 80 kutoka ardhini, kwa kuwa dereva aliyepunguza taa anamulika chini. Isimame wima na itazame nyuma moja kwa moja. Kosa la kawaida ni kuifunga kwenye mzingo wa madigadi ikatazama mbinguni, na hapo hata reflekta ghali haikusaidii.

Mzigo nao ni tatizo kubwa. Lumbesa la viazi au magunia mawili ya mkaa yakikaa kwenye keria, reflekta imefunikwa yote. Kata kipande cha ndoo ya plastiki, sentimita 30 kwa 15, bandika stika nyekundu ya malori, toboa matundu mawili ya juu na ukifunge nyuma ya mzigo kwa mpira wa tyubu. Magari yanakupita kulia, kwa hiyo mzigo uliotokeza kulia uwe na kipande kingine pale unapoishia. Hata ukishuka ukaisukuma baiskeli mlimani Kitonga, dainamo imekufa, kipande hicho bado kinafanya kazi.

Stika zipo za aina mbili. Zenye michoro ya sega zinang'aa zaidi lakini ni ngumu. Kwenye vyuma vyembamba vya fremu hubanduka kingo. Hizo zibandike penye ubapa, kama madigadi. Kwenye bomba za uma tumia ile laini. Nusu mita ya nyekundu na nusu ya nyeupe zinatosha baiskeli moja. Sugua kutu kwa msasa, futa mafuta kwa spiriti, acha pakauke, kata pembe za stika ziwe mviringo ili zisinase, kisha kandamiza kwa kidole gumba kuanzia katikati. Njombe na Makete mwezi wa Juni au Julai usibandike asubuhi: chuma kikiwa baridi gundi haishiki. Ngoja saa saba mchana, baiskeli ikiwa imeota jua.

Kwenye ukungu, kama ule wa Mafinga alfajiri, usiitegemee reflekta peke yake. Mwanga wa gari unapita kwenye ukungu mara mbili, kuja na kurudi, na unaorudi ni kidogo sana. Hapo funga na taa nyekundu ya betri nyuma. Mwanga wake unapita mara moja tu.

Kiangazi vumbi jekundu hufunika kila kitu, kwa hiyo ifute kabla ya jua kuzama, kwa kitambaa chenye maji na sabuni. Stilwaya inaikwaruza, na petroli inaifanya plastiki iwe na ukungu usiotoka tena.